Nukta Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua daftari hili kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Anasema nalalamika kuanzia mlangoni mpaka kwenye sahani, kwa hiyo niandike, karatasi haina masikio. Haya. Mimi ni msoma mita wa idara ya maji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kutwa naingia nyua za watu, nainama, nafuta vumbi kwenye kioo cha mita, naandika tarakimu kwenye daftari la ofisi, natoka. Nyumba za kata hii nazijua kwa upande wa nyuma, kule watu wanakoanika nguo za ndani na kumwaga maji machafu.

Leo kampeni za udiwani zimeanza. Diwani tuliye naye amekikalia kiti miaka kumi na tano, na huku kwetu maji yanatoka mara tatu kwa wiki. Bango lake jipya wamelibandika kwenye ukuta wa choo cha soko. Walau safari hii wamepatia mahali.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekubali kumsaidia Mkunga. Ni mama mstaafu wa zahanati, na nusu ya watu wa kata hii yeye ndiye aliyewashika kabla ya mama zao. Anagombea dhidi ya diwani. Kamati yake ni watu wanne tu: yeye mwenyewe, fundi viatu, msusi na mimi.

Sheria yake ni moja na hataki mjadala: hakuna karatasi, hakuna simu. Uchaguzi uliopita mwalimu mmoja alimtumia kaka yake ujumbe wa kumsema diwani, na wiki ile ile akahamishiwa shule ambayo hata barabara haina. Kwa hiyo tukifika kwa Mkunga simu zote zinaingia kwenye sufuria, linafunikwa, linapelekwa jikoni. Yangu imerudi inanuka vitunguu.

Kila mmoja ana nyumba zake za kushawishi, na majina ya waliokubali anayaweka kichwani. Fundi anawakumbuka watu kwa viatu vyao, msusi kwa nywele. Mimi nimepewa nyumba zilizo kwenye mzunguko wangu wa mita, kwa kuwa nina ruhusa ya kuingia popote bila kuulizwa.

Kasoro ya kamati ni huyo msusi. Ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja, na mdomo wake haujui Jumapili. Mke wangu anamwita dada, kwa hiyo mimi ananiita shemeji, na kwa ushemeji huo ananitania mbele za watu kuhusu kitambi changu. Nilimwambia Mkunga faraghani kwamba mwanamke wa maneno mengi hivyo si wa kupewa siri. Mkunga akasema mtu anayesema kila kitu huwa hana cha kuficha. Sikukubali.

Ijumaa, 8 Agosti

Vumbi. Nyumba arobaini na mbili, mbwa wawili.

Jumatatu, 11 Agosti

Kichwa changu kinashika tarakimu, sura hakishiki. Wiki nzima nimezungumza na watu na jioni siwezi kusema nani alikubali na nani alinipa tu kiti. Leo nimepata dawa. Kwenye daftari la mita, pembeni ya namba ya nyumba iliyokubali, naweka nukta ndogo ya penseli. Nani husoma daftari la mita? Karani ananakili tarakimu huku anapiga miayo, kisha daftari linalala kabatini ofisini mpaka kesho.

Jioni kwa Mkunga nilizitaja nyumba zangu moja baada ya nyingine bila kukwama, kwa kuwa namba nikiiona mara moja haitoki. Fundi alipotea katikati, msusi alirudia nyumba moja mara mbili. Mkunga akanisifu, mwanangu kichwa chako ni kabati. Nilipokea sifa ile kwa mikono miwili.

Ijumaa, 15 Agosti

Nukta thelathini na tisa. Jua kali, tangi la juu limeshuka chini ya nusu.

Jumapili, 17 Agosti

Mkutano wa Mkunga uwanja wa shule. Watu wamejaa kuliko tulivyotegemea. Kulikuwa na vijana wawili wanapiga picha za watu badala ya picha za mgombea. Msusi aliwafuata akawauliza kwa sauti kama wanataka awapige na wao, mama zao wakawaone. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikereka. Kuna watu hawachezewi.

Jumatano, 20 Agosti

Ofisini kuna mgeni. Hakutambulishwa. Anakaa kwenye kiti cha wageni chumbani kwa Meneja tangu asubuhi, hanywi chai, na viatu vyake havina hata chembe ya vumbi katika mji ambao hata maji yana vumbi. Nimemwita Kiatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Meneja aliniita. Kiatu alikuwa na daftari langu mapajani, amelifungua katikati. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, nukta hizi za penseli ni za nini.

Nikasema jambo la kwanza lililofika mdomoni: ni mita zenye hitilafu, nimeziwekea alama ili mafundi wazikague. Meneja akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kiatu akasema asante, akaendelea kufungua kurasa.

Nilitoka nikijipongeza. Naandika neno hilo hapa ili siku nyingine nilisome.

Jumatatu, 25 Agosti

Wamenipa orodha iliyopigwa chapa. Nyumba sitini na moja, zote zenye nukta. Juu imeandikwa mita mbovu, zifungiwe maji kwa ukaguzi hadi hapo itakapotangazwa. Chini kuna nafasi ya sahihi ya mtaalamu aliyegundua hitilafu. Mtaalamu huyo ni mimi.

Nilisema pengine nilikosea, nizipitie upya. Meneja akasema ana simu ya kupiga, akatoka chumbani mwake mwenyewe. Kiatu akasogeza kiti.

"Mzee, tumehangaika na simu zenu wiki tatu," alisema. "Hazisikiki. Mnazitia wapi?"

Nikaigeuza orodha nikatazama nyuma yake.

"Basi. Kumbe wewe unatuletea kila jioni, tena unatufungia kabatini." Hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mita sitini na moja mbovu, na wenye mita hizo wote wamo kwenye picha za mkutano wa mkunga wenu. Ugonjwa wa ajabu huo."

Akanieleza njia mbili. Niweke sahihi, iwe hitilafu kama nilivyosema mwenyewe, na mimi nibaki mfanyakazi mzuri wa idara. Au nisiweke, na yeye awaite wenye nyumba waje kuelezwa nukta zilitoka kwa nani.

Nimeweka sahihi. Ina mkunjo wake ule ule wa siku zote. Nimeuchukia mkono huu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimefunga koki thelathini leo. Zimebaki thelathini na moja za kesho.

Sikudhani kazi ya kufunga maji ina aibu nyingi hivi. Mita iko uani, kwa hiyo lazima ubishe hodi, ukaribishwe, uulizwe habari za nyumbani, ndipo uiname uwakaushe watu. Nyumba ya saba ina mama mwenye mapacha wa wiki tatu. Alikuwa anafua vitambaa vyao. Aliniona naizungusha koki akauliza, baba, kwani kuna nini? Nikasema ukaguzi. Akasema, basi fanyeni haraka, wengine tuna vichanga. Kisha akanisogezea stuli nisichafue suruali. Nilifunga maji yake nimekalia stuli yake.

Nyumba ya kumi na nne, mzee aliyeniambia mwezi huu kwamba hajapiga kura miaka ishirini na safari hii atapiga kwa ajili yangu, kwa vile nimemwomba vizuri. Nikafunga.

Nilirudi nyumbani nikatapika. Mke wangu akauliza nimekula wapi.

Jumatano, 27 Agosti

Thelathini na moja. Zimekwisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Kikao kwa Mkunga. Sufuria likafunikwa kama kawaida, na nilipoliona likipita kwenda jikoni nilitaka kucheka kwa namna mbaya.

Kila mtu ameshaelewa. Si vipofu. Waliofungiwa ni wafuasi wetu watupu, kwa hiyo orodha imevuja, na orodha ilikuwa vichwani mwetu wanne, maana jioni tulizitaja nyumba mbele ya wote. Kwamba zote ni za mzunguko wangu hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ndiko idara inakonituma. Fundi viatu alikuwa amevimba kwa hasira, maana nyumba anayopanga, ambayo mwenyewe alinikubalia, nayo imekauka. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na aliposema alimtazama msusi. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu juzi: mbona bomba la msusi linatoka?

Linatoka kwa sababu sikumwekea nukta. Nukta nilimwekea mtu nisiyemkumbuka. Nani anahitaji alama ya kumkumbuka jirani anayemsikia akipiga chafya? Nyumba yangu nayo haina nukta, lakini mimi ni mtu wa idara, hakuna anayeshangaa bomba langu likitoka. Mkunga anaishi ng'ambo ya barabara kuu, nje ya mzunguko wangu. Akabaki msusi peke yake, mwenye maji na mdomo.

Alijitetea vibaya, kwa maneno mengi kama kawaida yake. Mara akacheka, mara akaapa, mara akasema labda wamemsahau. Kila neno lilimzamisha. Mwisho akanigeukia.

"Shemeji, si wewe ndiye mtu wa mita? Waambie. Kuna namna gani bomba moja linaachwa?"

Nikasema sijui, mimi napewa orodha tu.

Ndivyo nilivyosema.

Jumamosi, 30 Agosti

Msusi amefungua geti lake. Amesema maji anayo, asiye nayo aje achote. Foleni ya ndoo imefika mpaka mlangoni kwangu. Wanachota, wanajitwisha, na hatua tano tu kutoka getini wanaanza kumsema. Nimewasikia kwa masikio yangu kupitia dirishani. Mmoja alisema maji haya ni mshahara wake wa usaliti, akabadilisha ndoo begani asimwage hata tone. Fundi viatu hachoti mwenyewe, anamtuma mke wake.

Wateja wa nywele hawaji tena. Kusukwa ni kukaa saa tatu na kuzungumza, na hakuna anayetaka kuzungumza mbele yake.

Jumatatu, 1 Septemba

Joto. Nina kinyaa na kila kitu, hata chai.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Akasema niende kwa Mkunga leo leo kabla ushujaa haujaniisha. Nikaenda.

Mkunga alikuwa anaosha vyombo. Nilimweleza nukta, Kiatu, sahihi, yote. Alikausha mikono taratibu. Nilitegemea atanitukana, na ningemshukuru. Badala yake akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema mke wangu. Akavuta pumzi.

"Basi ibaki hapo mpaka tupige kura," alisema.

Nikamuuliza, na msusi je?

"Mwanangu, sikiliza. Watu wana kiu na wana hasira. Hasira hiyo ndiyo inayowatoa nyumbani siku ya kura. Ukisimama leo ukasema ni wewe, wataona kamati nzima ni ya wajinga, watakaa nyumbani. Yule atasafishwa baadaye. Ni siku kumi na moja tu."

Nilimkumbusha kwamba msusi alijifungua mikononi mwake, kwamba mtoto wa kwanza wa msusi ana jina lake. Akasema anakumbuka. Akasema kwa sauti ile ile laini anayotumia kuwaambia wazazi wasukume.

Nimeishi nikimwona mama huyu kuwa mtu safi wa mwisho aliyebaki katika kata hii. Sasa sijui nimwone nani. Na ubaya zaidi, ambao nauandika kwa kuwa karatasi haina masikio: niliposhuka kibarazani kwake nilijisikia nafuu. Nimepewa ruhusa ya kunyamaza na mtu mkubwa kuliko mimi, na nimeipokea.

Ijumaa, 5 Septemba

Usiku wameandika neno jasusi kwenye ukuta wa msusi kwa mkaa. Asubuhi alikuwa analisugua. Wachotaji walipanga foleni nyuma yake wakisubiri amalize na bomba.

Nilitoka na ndoo na tambara nikasugua naye. Haneni tena kama zamani. Aliniambia kwamba jana mama wa mapacha amekataa kumpa mtoto ambebe huku anachota. Mwanawe ametengwa shuleni. Akaniuliza, bila utani wowote, kama mimi naamini ni yeye.

"Siamini," nilisema.

"Basi kawaambie hivyo. Wewe wanakuheshimu."

Nikasema nitawaambia. Akanishukuru. Alinishukuru, naapa, na mkononi ana tambara jeusi kwa mkaa.

Jumapili, 7 Septemba

Sikuwaambia.

Jumatano, 10 Septemba

Sikuwaambia. Meneja amenisifu mbele ya wenzangu kwa umakini wa kugundua mita mbovu.

Jumapili, 14 Septemba

Kura. Mkunga alisema kweli: walitoka na hasira zao, foleni ilizunguka shule mara mbili. Mzee wa nyumba ya kumi na nne alikuja na fimbo. Msusi naye alipanga foleni. Mbele yake na nyuma yake watu waliacha nafasi ya mtu mzima kulala.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkunga ameshinda, tena kwa mbali. Mchana nimetumwa kufungua koki zote sitini na moja. Mama wa mapacha alinipigia vigelegele. Kiatu hayupo ofisini, na ukimuuliza Meneja anauliza mgeni yupi. Daftari langu la zamani limechukuliwa, nimepewa jipya, jeupe.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kwa Mkunga kumkumbusha ahadi. Ana wageni wengi siku hizi, nilisubiri kibarazani. Akasema Jumamosi kuna mkutano wa shukrani, tutaona.

Jumamosi, 20 Septemba

Sikusubiri aone. Uwanja wa shule ulijaa. Mkunga alipomaliza kushukuru nikapanda jukwaani bila kuitwa, nikashika kipaza sauti, nikasema. Nilisema ni mimi niliyeweka nukta, ni mimi niliyesaini, ni mimi niliyefunga. Nilisema msusi hana kosa hata la kufikiria, na kwamba maji mliyokunywa wiki tatu ni yake.

Kisha mtu nyuma akasema, "Ukuta kwa ukuta!" na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

Sikuelewa mara moja. Fundi viatu ndiye aliyenielewesha, alinishika bega kwa upole mbele ya wote. "Kaka, shuka. Mwanamke akishamshika mtu hivyo, hata dhambi zake anazibeba." Wakataja wenyewe ushahidi: tulisugua ukuta pamoja asubuhi na mapema. Ananiita shemeji kwa sauti tamu. Bomba lake halikufungwa, na nani mwenye ufunguo wa koki? Yote yakawaingia akilini vizuri sana. Nikapiga kelele kwamba kaulizeni idara wawaonyeshe daftari, na daftari halipo.

Nikamtazama Mkunga. Yeye anajua. Neno lake moja lingetosha. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akasema ndugu zangu, leo ni siku ya furaha, huyu ni mtu wa huruma, sote tu binadamu, tumsamehe. Wakapiga makofi. Wananisamehe mimi kwa jambo nisilolifanya, kwa kinywa cha mtu anayejua nililolifanya.

Njiani kurudi nyumbani wanaume watatu wamenipa mkono, mmoja amenikonyeza. Mke wangu alikuwepo uwanjani. Aliingia ndani, akavua viatu, akakaa. Nikamwambia, wewe unajua ukweli, twende kesho tuwaambie pamoja.

"Waache," alisema. "Bora waseme mhuni kuliko waseme kibaraka. Mhuni watoto wake hawatengwi shuleni."

Nikaviokota viatu vyake nikaviweka mlangoni.

Jumatatu, 22 Septemba

Msusi amehama leo. Gari la mizigo lilikuja saa mbili asubuhi. Kanuni ya idara ni kwamba mpangaji akiondoka, msoma mita asome tarakimu ya mwisho. Nimekwenda na daftari jeupe. Viti vya saluni vilikuwa vimepakiwa miguu juu. Nikainama, nikafuta kioo, nikaandika. Akawa amesimama juu yangu.

Nikamwambia, niliwaambia. Nilisema yote.

"Nimesikia," alisema. "Ungesema siku ile fundi alipouliza, ungeaminika. Ulikuwa na siku ishirini na tatu, nimezihesabu. Mpaka juzi asubuhi nilikuwa jasusi. Sasa ni jasusi na malaya, na hilo la pili umenipa wewe, kwa kipaza sauti."

Hakuniita shemeji. Akapanda mbele na mwanawe, akafunga mlango. Wanawake wawili wenye ndoo tupu walikuwa wanasubiri getini kumuuliza ufunguo anamwachia nani, kwa kuwa leo si siku ya maji na pipa lake la uani bado limejaa.

Jioni Mkunga ametuma ujumbe, kwa simu, bila hofu yoyote. Anaunda kamati ya maji ya kata na anataka niwe mwenyekiti, kwa vile watu wananipenda. Nimeusoma mara tatu. Kinyaa kilinijaa mpaka kwenye meno, lakini sijajibu hapana. Sijajibu chochote. Kesho naanza mzunguko mpya, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na kote nikibisha hodi watanifungulia.